Mtungi Mkongwe Ndani ya Gari la Mashindano: Tuuache au Tuung'oe?



 Wengi wenu mmezoea kutuona hapa tukizungumzia malezi ya watoto, ratiba za madrasa na mitihani. Leo tumekuja na maneno ya gari la mashindano na mtungi wa kuzimia moto. Msituone tumepotea njia. Jambo hili limetupata sisi wenyewe, ndani ya familia yetu hapa Kigali, na ndani yake tulitoa ushauri mbovu mbele za watu. Aliyekosea mbele za watu si vizuri akajisahihisha chumbani peke yake. Ndiyo maana tunaandika.

GARI LENYEWE

Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu mkubwa, ni fundi wa magari kule Gatsata. Tangu utotoni akili yake ilikuwa kwenye injini. Alipokuwa akikaa mbele yetu madrasani, Biryogo, pikipiki ikipita nje alikuwa akitutajia aina yake kwa kusikia mlio tu, na sisi tukimrudisha kwenye juzuu yake. Alipokua akaanza kufuatilia rali. Kila Rwanda Mountain Gorilla Rally ilipofika tulijua hatumwoni nyumbani. Yuko Bugesera kando ya barabara ya vumbi, na jioni anarudi mwekundu kama tofali.

Miaka miwili iliyopita alinunua gari lake mwenyewe la mashindano, Subaru Impreza kuukuu iliyotoka Kampala, na kabla ya Kampala ilikuwa Uingereza. Aliinunua kwa akiba yake ya miaka sita na fedha kidogo alizomkopesha mama yake. Gari hilo halina kiti cha nyuma, halina zulia, halina redio. Ndani mna mabomba ya chuma ya kuzuia paa lisibonyee likipinduka, viti viwili vinavyomkumbatia mtu kila upande, na mikanda mipana. Na nyuma ya kiti cha navigeta, umefungwa sakafuni kwa kamba za chuma, mna mtungi wa kuzimia moto.

Kwa wasioujua mfumo huu tueleze kidogo. Huu si ule mtungi mwekundu wa kushika mkononi mnaouona kwenye mabasi na madukani. Huu umeunganishwa na gari. Mabomba membamba yanatoka kwenye mtungi, mengine yanakwenda kwenye injini, mengine mbele ya dereva na mwenzake, na kila bomba lina nozeli mwishoni. Dereva akivuta mpini ulio karibu naye, waya unafungua valvu, na dawa inasukumwa na gesi iliyomo ndani hadi kwenye nozeli. Iko mingine inayotumia swichi na betri badala ya waya. Mpini wa pili uko nje, chini ya kioo cha mbele, ili mtu aliye nje naye aweze kuvuta ikiwa waliomo ndani wamezimia. Pale penye mpini wa nje hubandikwa alama: duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na herufi E nyekundu katikati. Maana yake kwa msimamizi wa njia au mpita njia yeyote ni moja: vuta hapa.

Tafadhali ikumbukeni alama hiyo, tutairudia.

Mtungi wa mpwa wetu ulikuwa na karatasi yenye maandishi ya Kiingereza. Ilisema ndani yake mna povu la lita 4, na kwamba mara ya mwisho ulikaguliwa mwaka 2009, na ukaguzi uliofuata ulitakiwa mwaka 2011. Hapana tarehe nyingine baada ya hapo. Mshale wa geji ulikuwa kwenye rangi ya kijani.

USHAURI WETU WA KWANZA

Mwaka jana, zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya mashindano yake ya kwanza, mpwa wetu alikuja barazani kwetu baada ya Isha. Alikuja na mama yake, na pamoja nao kijana atakayekaa naye kama navigeta. Kijana huyo tunamfahamu vizuri, naye tumemfundisha. Mama yake ni mjane na yeye ndiye mtoto wake wa pekee wa kiume.

Mzozo ulikuwa hivi. Fundi mkubwa wa gereji, mzee aliyejifunza kazi Buyenzi kule Bujumbura, alikuwa ameukataa ule mtungi. Alitaka ung'olewe, ununuliwe mwingine mzima. Mpwa wetu alikuwa na hoja zake. Mfumo mpya kamili bei yake inamaliza fedha ya matairi. Mshale ni wa kijani. Mtungi upo, mabomba yapo, alama ipo. Na akaongeza, "Mjomba, rali yenyewe ni fupi, ya vijana wa hapahapa. Sasa nikiung'oa niende bila kitu?"

Dada yetu akatugeukia. "Maalim, wewe ndiye mkubwa wao. Sema."

Tukasema. Tukakohoa kidogo, kama kawaida ya walimu, tukasema kwamba kilichopo ni bora kuliko kisichokuwepo. Mtungi ukifanya kazi ni heri, usipofanya kazi hamjapoteza kitu. Uacheni.

Wote wakaridhika, chai ikaletwa. Yule navigeta akatushukuru kwa kutushika mkono kwa mikono miwili. Tunalikumbuka hilo hadi leo, kwa sababu yeye ndiye ambaye hakuwa ameuliza chochote.

SWALI LA FUNDI

Siku ya tatu yule fundi mzee alitufuata madrasani. Alisubiri darasa la mchana limalize, akavua kofia yake, akakaa kwenye mkeka pale wanapokaa watoto. Akasema, "Maalim, samahani sana. Nimesikia umetoa hukumu. Nina swali moja tu. Moto ukiwaka ndani ya gari, kijana atafanya nini kwanza?"

Tukajibu kwamba atavuta mpini.

"Na kisipotoka kitu?"

Atavuta tena.

"Akivuta mara ya pili, umeshahesabu sekunde ngapi?"

Tukanyamaza. Akatueleza taratibu, bila kututahayarisha. Dereva wa rali amefungwa mikanda inayopita mabegani, kiunoni na mapajani. Ana helmeti kichwani. Mlango wenyewe una mabomba ya chuma ya kuvuka. Hata gari likiwa limesimama salama, kutoka ni kazi. Ikiwa mtungi haupo, na yeye anajua kwamba haupo, mkono wake wa kwanza unakwenda kwenye mikanda. Ikiwa mtungi upo, mkono wake wa kwanza unakwenda kwenye mpini, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Anavuta, anasubiri, anavuta tena. Sekunde hizo petroli haisubiri. Bomba la petroli likikatika na petroli ikamwagikia ekzosi ya moto au turbo, moto unajaa chini ya boneti kabla mtu hajamaliza kupiga kelele.

Halafu akatuambia juu ya mtu wa nje. Msimamizi anakimbia kuelekea kwenye gari. Anaweza kwenda moja kwa moja mlangoni, au anaweza kusimama kwanza pale penye ile E, kwa kuwa ile E imemwambia hapa pana msaada. Anavuta. Hakitoki kitu. Gari ndilo lililomdanganya.

Hapo ndipo tulipoona kosa letu. Tulisema hawajapoteza kitu. Kumbe kitu kinachopotea ni kile chenye thamani kuliko vyote pale, nacho ni muda.

YALIYOWAHI KUTOKEA

Usiku ule hatukulala mapema. Tulikaa na mpwa wetu kwenye intaneti tukisoma habari za zamani. Tutazitaja tatu.

Tarehe 24 Oktoba 1971, dereva wa Uswisi Jo Siffert alipata ajali katika uwanja wa Brands Hatch, Uingereza. Gari lilishika moto. Alivunjika mguu, lakini si hilo lililomuua. Aliuawa na moshi, kwa kuwa hakuweza kutolewa kwa wakati. Katika uchunguzi ikaonekana kwamba vizimamoto vilivyowekwa kando ya njia havikufanya kazi. Vilikuwepo, vimepangwa, kila mtu alivipita asubuhi ile akaviona. Baada ya msiba huo magari ya daraja hilo yakalazimishwa kubeba mfumo wake wenyewe wa kuzimia moto. Kwa maneno mengine, mfumo huu tunaoubishania mimba yake ni mitungi iliyoning'inia bila kufanya kazi. Ajabu iliyoje kuuacha nao uning'inie vilevile!

Tarehe 29 Julai 1973, kule Zandvoort, Uholanzi, kijana wa Kiingereza Roger Williamson alinaswa ndani ya gari lililopinduka na kuwaka. Mwenzake David Purley alisimamisha gari lake katikati ya mashindano, akavuka njia mbio, akajaribu kuligeuza gari peke yake. Akachukua mtungi akaumaliza wote. Haukutosha, na wasimamizi waliokuwa karibu hawakuwa na nguo za kuwawezesha kuusogelea moto. Williamson akafa pale. Purley alipewa nishani ya ushujaa, lakini mtungi mmoja ulibaki kuwa mmoja.

Na tarehe 29 Novemba 2020, katika uwanja wa Sakhir nchini Bahrain, Mfaransa Romain Grosjean aligonga ukingo wa chuma, gari likakatika vipande viwili na kuwaka. Alikaa ndani ya moto karibu nusu dakika, akatoka kwa miguu yake akiwa na majeraha ya moto mikononi. Alhamdulillah. Lakini tazameni ni vitu vingapi vilivyosimama pamoja: chuma kilichokinga kichwa chake, helmeti, nguo zisizoshika moto haraka, gari la daktari lililokuwa likiwafuata kwa nyuma, na msimamizi aliyefika na mtungi uliotoa dawa. Kila kimoja kilikuwa kizima. Hakikuwepo cha mapambo.

NINI KIMO NDANI YA MTUNGI?

Ndugu wasomaji, kabla ya kuamua kuuacha au kuung'oa, someni kwanza karatasi yake, kwani mitungi ya zamani haifanani.

Kuna yenye povu, kama huu wa mpwa wetu. Povu hili hutandaza utando mwembamba juu ya petroli, likaitenga na hewa. Ni zuri, lakini ni maji yaliyochanganywa na dawa, na dawa huchoka, na maji hula chuma kidogo kidogo kwa ndani. Isitoshe, mapovu mengi ya aina hii yana kemikali ambazo hazioani na udongo wala maji na hazitoweki kwa miaka mingi, ndiyo maana nchi nyingi sasa zinayaacha. Si kitu cha kumwaga kwenye mtaro.

Kuna mingine ya zamani zaidi yenye gesi iitwayo haloni. Gesi hii ilikuwa hodari sana wa kuzima moto bila kuchafua kitu, lakini inaharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, utengenezaji wake ulikomeshwa katika nchi tajiri kuanzia mwaka 1994, na katika nchi zetu kufikia mwaka 2010. Baadhi ya gesi zilizokuja baada yake nazo zikaonekana zinaipasha dunia joto, na hapa hapa Kigali, mwezi Oktoba 2016, ndipo mataifa yalipokubaliana kuzipunguza. Basi mkikuta mtungi ulioandikwa haloni msiufungue kwa kujaribu. Wapelekeeni wanaohusika na mazingira wawaelekeze.

Kuna ya unga. Unga huzima vizuri, lakini ndani ya gari lililofungwa humziba mtu macho na pumzi. Na ukikaa miaka ukitikiswa barabarani, hushindiliana chini ukawa mgumu kama jiwe.

Kwa vyovyote vile, kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, zinataka mtungi ukaguliwe kila baada ya miaka miwili. Hawa ndio walewale waliofanya mkutano wao mkuu hapa mjini kwetu Desemba 2024, na mpwa wetu akavaa shati jipya kama anayekwenda harusini, ingawa hakualikwa. Tulimkumbusha hilo. Tukamwambia, hao unaowapenda ndio wanaosema miaka miwili, na wako umepita zaidi ya kumi.

SIKU YA KUUJARIBU

Mpwa wetu bado hakukubali. Akasema, "Mshale ni wa kijani, mjomba. Wewe na fundi mnasema tu." Na kweli, sisi tulikuwa tunasema tu. Fundi akaamua auonyeshe.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Gatsata. Aliufungua mtungi kutoka kwenye gari. Chini yake, kwenye bati la sakafu, palikuwa na doa jeupe na rangi imebabuka kwa ukubwa wa kiganja. Akalionyesha kwa kidole bila kusema neno. Halafu akaazima mizani ya muuza nyama wa jirani. Karatasi ilisema mtungi uliojaa una kilo 6 na gramu 300. Mizani ikasema kilo 4 na nusu. Mpwa wetu akaupima mara tatu, mara ya tatu kwa mizani ya duka jingine.

Kisha fundi akapuliza hewa kwenye yale mabomba, moja baada ya jingine. La injini lilipitisha. La upande wa navigeta halikupitisha. Akafungua nozeli, ndani yake akakuta udongo mkavu. Nyigu walikuwa wamejenga humo.

Mwisho akaubana mtungi kwenye meza ya chuma, akaweka karai chini, akawaambia vijana wote warudi nyuma, akauunganisha na waya wake uleule wa zamani. Akamwambia mpwa wetu, "Wewe vuta. Gari ni lako."

Alivuta. Waya ulisogea upana wa vidole viwili ukakwama. Akavuta kwa mikono miwili, akiwa amesimama wima, bila mikanda, bila helmeti, bila moshi. Valvu ikafunguka. Ukatoka mlio kama wa mtu anayepiga chafya, halafu maji ya rangi ya chai yakadondoka ndani ya karai, kiasi cha vikombe vichache. Ikawa ndiyo basi. Mshale wa geji ulibaki kwenye kijani. Ulikuwa umeganda hapo, hakuna ajuaye tangu lini.

Gereji nzima ilinyamaza. Yule navigeta alikwenda mbele ya gari, akainama chini ya kioo, akaanza kuibandua ile E kwa kucha. Ilikuwa imeshika sana, ikatoka vipande vipande. Hakututazama. Sisi tulikuwa tumesimama hatua tatu kutoka kwake, na tulijua ni ulimi wa nani uliomwambia mama yake kwamba hapana kitu kilichopotea.

Tulimwendea tukamwomba radhi hapohapo mbele ya wenzake. Akasema, "Hapana neno, Maalim." Lakini aliendelea kubandua.

Tunawaomba sana vijana, jambo hili msiliige nyumbani. Mtungi una gesi yenye nguvu, unaweza kumuumiza mtu. Mpelekeeni anayeijua kazi.

UAMUZI

Basi jawabu la swali letu ni hili: mtungi usiojulikana hali yake ung'oeni. Msiuache kwa sababu upo, wala msiuache ili mkaguzi auone. Ukikaguliwa na mjuzi, ukajazwa upya, mabomba yakasafishwa, waya ukabadilishwa, na tarehe mpya ikaandikwa, urudisheni kwa moyo mkunjufu; ukongwe peke yake si kosa. Ikiwa haufai kukaguliwa, wekeni mwingine. Na ikiwa hakuna fedha ya mwingine, gari lisubiri.

Hili la mwisho ndilo lililouma. Mpwa wetu hakushindana. Waandaaji walitaka mfumo mzima na yeye hakuwa nao. Siku ya mashindano wenzake walipita Nyamirambo wakipiga honi, na yeye alikuwa uvunguni mwa basi la mtu akibadilisha diski za breki. Kwa wiki mbili alitusalimia salamu ya wajibu tu, kisha anapita. Dada yetu alisema ana furaha, lakini tulimwona naye akimpikia mwanawe vizuri kuliko kawaida, kama mtu anayelipa deni.

Wako waliotuambia, "Maalim, ajali ni qadari, mtungi utazuia nini?" Tuliwajibu kwamba kisa cha ngamia na kamba yake wanakijua tangu utotoni, na tusiwachoshe. Kumtegemea Mola hakujawahi kuwa ruhusa ya kuacha kamba iliyooza.

MIZANI ILIPORUDI KWETU

Wiki ya tatu mpwa wetu alikuja madrasani bila taarifa. Mkononi alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile ya samaki. Akasalimia vizuri, akawasalimia watoto, kisha akaenda moja kwa moja kwenye ukuta ulio karibu na mlango. Pale, ndugu zetu, pana mtungi mwekundu. Tulipewa zawadi na mfadhili siku madrasa ilipofunguliwa upya. Tuliupigia picha. Watoto hutundika mikoba yao hapo.

"Mjomba, huu ulikaguliwa lini?"

Hatukuwa na jawabu. Akautoa, akafuta vumbi, akatusomea tarehe kwa sauti, na watoto wanasikia. Ulikuwa na miaka tisa. Akaupindua juu chini, tukasikiliza. Unga ukiwa mzima mtu huusikia ukimiminika; sisi hatukusikia kitu. Ulikuwa umeshikana. Pini yake ilikuwa imefungwa kwa waya wa umeme, maana watoto walikuwa wakiichezea, na waya huo tuliufunga sisi kwa mikono yetu.

Wazazi hutuletea watoto zaidi ya themanini kila jioni. Wanauona mtungi ule ukutani wakiingia, moyo unatulia, wanaondoka. Ilikuwa E yetu sisi.

Mnajua yaliyotokea katika majirani zetu. Oktoba 2022 moto katika shule ya watoto wasioona ya Salama, wilaya ya Mukono nchini Uganda, uliua watu 11. Septemba 2024 moto wa bweni la Hillside Endarasha Academy, Nyeri, Kenya, uliua wavulana 21. Hatusemi kwamba mtungi mmoja ungewaokoa. Tunasema kwamba baada ya kusikia habari kama hizo mtu mwenye watoto themanini alipaswa kwenda kutazama ukuta wake, na sisi hatukwenda. Tulikwenda kutoa hukumu juu ya gari la mwenzetu.

Siku ileile mtungi uliteremshwa. Wiki nzima ukuta ulikuwa mtupu, na tuliwaambia wazazi kwa nini. Baadhi yao walinung'unika kwamba tumewatia hofu bure. Lakini katika wiki hiyo ya ukuta mtupu tulifanya mambo ambayo miaka tisa ya mtungi hatukuyafanya: tuliondoa marundo ya viatu mlangoni, tulifungua mlango wa nyuma uliokuwa umezibwa na madawati mabovu, tukawafundisha watoto kutoka kwa mstari bila kusukumana. Wa kwanza kutoka ni wadogo. Sasa tuna mitungi miwili mizima, na tarehe ya ukaguzi imeandikwa kwa chaki ubaoni, pembeni, ambapo hapafutwi.

TUNAYOWAUSIA

Kwa kila nyumba, gari na madrasa, fanyeni haya wiki hii inshaAllah:

1. Someni tarehe ya ukaguzi. Ikiwa imepita au haisomeki, mtungi huo msiuhesabu.

2. Msiuamini mshale peke yake. Upimeni kwa mizani na mlinganishe na uzito ulioandikwa.

3. Tazameni chini yake, kama pana doa, kutu au unyevu. Tazameni mdomo wa bomba, kama pana wadudu au udongo.

4. Ulizeni nani anaujua kuutumia. Jibu likiwa "baba tu", na baba yuko kazini mchana kutwa, basi bado.

5. Usiofaa uondoeni mbele ya macho ya watu, na alama yake muibandue. Kuta tupu husema kweli.

6. Njia ya kutokea iwe wazi kabla ya kufikiria mtungi. Kwa wenye magari ya mashindano, jifunzeni kufungua mikanda na kutoka mkiwa mmefumba macho, na mhesabu sekunde zenu.

Mpwa wetu bado anakusanya fedha. Matairi ameyauza. Gari liko juu ya mawe nyuma ya gereji, limefunikwa turubai, na mahali pa mtungi pana matundu manne ya boliti. Juzi navigeta wake alikuja kutuona, akatuonyesha alama mpya ya duara aliyoinunua mapema. Ameiweka ndani ya daftari, hajaibandika. Anasema ataibandika siku ambayo yeye mwenyewe ataupima mtungi mpya kwa mkono wake.

Tunamwomba Mola awahifadhi vijana wetu barabarani na watoto wetu madrasani, na atusamehe sisi tuliopewa dhamana ya kusema mbele za watu.

Wabillahi tawfiq.